Aikido au judo? Mdogo wangu anaenda Japani na hajui aingie klabu gani

Mdogo wangu kapata nafasi ya kusoma Japani, anaripoti mwezi wa nne maana kule mwaka wa masomo unaanza Aprili, na zile wiki za mwanzo klabu za chuo zinagombania wanafunzi wapya kama makonda wanavyogombania abiria stendi, huyu anakushikisha karatasi, yule anakuvuta mkono, mwingine kavaa vazi la mazoezi kabisa anapiga kelele getini. Sasa juzi kaniuliza, kaka, hivi aikido na judo si kitu kimoja, zote si karate tu? Nilicheka ila nikakumbuka na mimi niliondoka Dar nikiwa hivyo hivyo, kwetu ukiona mtu na lile vazi jeupe na mkanda kiunoni basi hiyo ni karate, imeisha hiyo. Mi nilifanya aikido miaka mitatu nikiwa kule na judo mwaka mmoja na kidogo, kwa hiyo nimeangushwa pande zote mbili na naweza kulinganisha.

Karate tuiweke pembeni mapema. Karate ni ngumi na mateke, asili yake Okinawa, na Funakoshi Gichin ndo alikwenda kuionyesha Tokyo mwaka 1922 wakaipenda. Aikido na judo ni za kushikana. Zote mbili zimetoka kwenye jujutsu, zile mbinu za zamani za kupambana mkono kwa mkono enzi za samurai, ila zimetoka kwenye matawi tofauti, na watu wawili walioziunda walikuwa hawafanani hata kidogo, na ukiwaelewa hao wawili nusu ya jibu unalo tayari.

Wa judo anaitwa Kano Jigoro. Alikuwa msomi, mwalimu, mtu wa shule. Mwaka 1882 akiwa na miaka 21 tu alianza kufundisha kwenye hekalu la Eishoji pale Tokyo, ukumbi wenyewe mikeka 12. Alichofanya ni kuchukua jujutsu na kuondoa zile mbinu ambazo huwezi kumfanyia mwenzako kwa nguvu zote bila kumvunja, akabakisha zile ambazo unaweza kujaribu kweli kweli na mtu anayekataa na kesho yake wote mkarudi mazoezini. Zilizokuwa za hatari akaziweka kwenye kata, yaani mpangilio maalumu mnaoufanya kwa makubaliano. Hata hizi daraja, kyu za kabla ya mkanda mweusi na dan za kuanzia mkanda mweusi, kwenye sanaa za mapigano dan ilianza kwake, wengine wakaiga. Baadaye akawa Mwasia wa kwanza kwenye kamati ya Olimpiki ya kimataifa, mwaka 1909, na judo yenyewe ikaingia Olimpiki Tokyo 1964, ambako Mholanzi mmoja jitu kweli, Anton Geesink, akamlaza Mjapani Kaminaga kwenye kundi la wazi lisilo na kikomo cha uzito, mbele ya Wajapani wenzake, ukumbi ukawa msiba.

Wa aikido ni Ueshiba Morihei, kazaliwa Tanabe mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya Kano kuanza judo yake. Huyu alikuwa mtu mfupi, wa shamba na wa dini. Mwaka 1912 aliongoza watu kwenda kuanzisha makazi Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji, na huko mwaka 1915 akakutana na Takeda Sokaku, mwalimu wa Daito-ryu, tawi moja la jujutsu, mzee mkali ambaye mbinu zake zilikuwa za kukunja viungo na kumtupa mtu kwa kutumia nguvu zake mwenyewe. Akajifunza kwake. Halafu akaingia kwenye dini mpya ya Omoto chini ya Deguchi Onisaburo, akahamia Ayabe, na huko kwenye sala na kilimo mawazo yake yakaanza kugeuka, akasema mapigano si ya kumshinda mtu. Jina aikido limekuja rasmi mwaka 1942 tu. Ai ni kuungana, ki ni pumzi au nguvu ya uhai, do ni njia. Kwenye judo, ju ni ulaini, kutoshindana na nguvu ya mwenzako. Kwa hiyo kwa majina tu zinaonekana pacha.

Na hao wawili hawakuwa maadui, watu wengi hawalijui hili. Mwaka 1930 Kano alikwenda kumtazama Ueshiba Tokyo, akavutiwa kiasi kwamba akawatuma wanafunzi wake wakajifunze kwake, mmoja wao Mochizuki Minoru. Ukisikia watu wa judo na wa aikido wanarushiana maneno wakumbushe hilo.

Sasa tuje mkekani, maana historia haikuangushi.

Darasa la aikido linaenda hivi. Mnakaa mstari kwa magoti, mnainama kuelekea mbele ambako mara nyingi kuna picha ya Ueshiba, mnanyoosha viungo, mnafanya ukemi yaani kuanguka mbele na nyuma, halafu sensei, yaani mwalimu, anaita mmoja anaonyesha mbinu, mara nne mara nyingi, kulia na kushoto, kuingia mbele ya mtu na kuzunguka nyuma yake, hasemi sana, anapiga kofi au anainama, mnatafuta wenzenu mnaanza. We unafanya mara nne, mwenzako mara nne, mnabadilishana. Tuseme ni kote-gaeshi: mwenzako anakushika kifundo cha mkono, unatoka kwenye mstari wa nguvu zake, unageuka, unaukamata mkono wake unaukunja kwa nje, na yeye ili mkono usivunjike anafuata na kuanguka. Nikyo ndo ile inayokufanya upige magoti bila kupenda, mara ya kwanza kufanyiwa nilisema neno ambalo bahati nzuri hakuna aliyelielewa pale. Kuna mitupo kama shiho-nage na irimi-nage, kuna mbinu za kukaa magoti, kuna bokken ambao ni upanga wa mti na jo ambayo ni fimbo inayokufika kwapani. Ukiuliza kwa nini watu wanashikana vifundo vya mikono kila saa wakati mtaani hakuna mwizi anayekushika hivyo, jibu ni panga, samurai akitaka kuchomoa upanga njia ya kumzuia ni kuushika ule mkono.

Darasa la judo: kuinama, ukemi pia, halafu uchikomi, unaingia kwenye mbinu mara kumi mara ishirini bila kutupa, mwili uzoee. Halafu inakuja randori, pambano la mazoezi lisilopangwa. Hapo ndo mambo. Mnashikana ukosi na mkono wa vazi, na kwa dakika nne tano yule mtu HATAKI kuanguka wala wewe hutaki, anakuvuta, anakusukuma, anakupiga mtama. Mtama na ngwala tunazijua tangu utoto, judo imezipa majina tu, o-soto-gari ni ile ya kumkata mguu kwa nyuma huku unamsukuma kifua, de-ashi-barai ni ngwala safi ya mguu unaotembea. Mkifika chini kuna kumbana, sekunde 20 mgongo chini ni ippon, ushindi kamili, umekwisha, kuna kupinda kiwiko, na kuna shime-waza ambayo kwetu tungesema kabali, ukiona giza unagonga mkeka anakuachia.

Kwa hiyo ukiniambia nitaje tofauti moja tu sitasema mbinu, nitasema MWENZAKO. Kwenye aikido mwenzako anakupa mwili wake ujifunze nao. Kwenye judo mwenzako anakunyima. Mengine yote, umri, majeraha, kujilinda, mashindano, yanatoka hapo hapo.

Chukua lile swali la kila mtu, ipi inafanya kazi kweli. Wanaoponda aikido wanasema ni maigizo, mtu anaguswa kidogo anaruka. Sitawadanganya, lipo. Nimefanya na watu walioanguka kabla sijafanya chochote, na ukizoea hivyo miaka mitano unaanza kuamini una nguvu ambazo huna. Ila sababu ya kukubali ipo na ina akili, kote-gaeshi ukimfanyia kwa kasi mtu aliyekaza mkono kifundo kinaondoka, hakuna randori ya namna hiyo mkaitwa mazoezini kesho. Kano aliziondoa mbinu hizo ili ushindane, Ueshiba alizibakiza akaondoa ushindani. Kila mmoja alilipa bei yake. Mi binafsi kwa kujilinda, mwaka wa kwanza, naipa judo bila kupepesa macho, maana miezi sita tu ya judo umeshaguswa na mamia ya watu wasiotaka, mwili unajua kishindo ni nini. Aikido miezi sita bado unatafuta mguu wa kulia ni upi. Kilichonisaidia maishani zaidi kutoka zote mbili lakini si kumwangusha mtu, ni ukemi, nilianguka na baiskeli kwenye barafu nikabiringika nikasimama, mama mmoja kituoni akapiga makofi.

Umri na mwili. Hapa aikido inashika nafasi. Haina uzito wala jinsia, msichana wa kilo 48 anafanya na jamaa wa kilo 95 kwenye mkeka mmoja, na wazee wa miaka 70 wapo na wanakukunja kwa adabu. Judo ya mashindano Olimpiki ina makundi saba ya uzito wanaume na saba wanawake kwa sababu uzito ni kitu halisi, ukiwa mwembamba ukakutana randori na mzito utajifunza mengi ila utayajifunza ukiwa chini. Majeraha ya judo ni goti, bega, vidole, na kichwa kikigonga mkeka kabla hujajua kuanguka, hili si la mzaha, huko Japani kumekuwa na watoto wa shule waliofariki kwa vichwa kwenye judo, ndo maana mwalimu anayekuruhusu kurandori wiki ya kwanza mkimbie. Aikido ni vifundo vya mikono, mabega, na magoti kwa ajili ya kukaa na kutembea kwa magoti. Na shiho-nage ikifanywa vibaya inamshusha mtu kichwa kwa nyuma. Bega langu la kushoto liliumia kwenye aikido wala si judo, mkubwa mmoja wa klabu aliamua kunionyesha kwamba nguvu zangu za kizembe hazifai, wiki tano siwezi kuvaa shati vizuri, kwa hiyo msije mkasikia neno amani mkadhani hakuna kuumia.

Kukaa magoti lakini, seiza, Wazungu darasani walikuwa wanalia, mi niliyekulia kukaa tahiyatu nilikaa tu natazama. Ndo faida pekee niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Na hapo hapo niseme lingine maana mdogo wangu ataliuliza na wengi wetu linatukaa moyoni: kuinama. Zote mbili unainama, kwa mwenzako, kwa mwalimu, kwa mkeka. Aikido inaongeza ile ya kuelekea picha mpaka chini, na kwa Muislamu hapo pana neno. Mi nilimfuata sensei kabla ya darasa nikamweleza kwa heshima, Kijapani changu kibovu, akaniambia inama kidogo ukiwa umesimama basi, ni salamu, si ibada. Na mwaka mzima hakuna aliyenitazama vibaya. Kila dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, na mwalimu wake, ila uliza kabla, usisubiri mpaka watu wote wako chini we umesimama kama mlingoti.

Kuhusu daraja. Aikido hakuna mechi, kuna mtihani, unaitwa jina la mbinu unaionyesha. Utaratibu wa Aikikai, shirika kubwa la aikido, unahesabu siku za mazoezi, kyu ya 5 siku 30, ukishakuwa kyu ya 1 unahitaji siku 70 nyingine ndo ukae mtihani wa shodan, mkanda mweusi. Dojo nyingi za Japani mtu mzima anavaa mkanda mweupe muda wote huo, hamna njano wala kijani, halafu siku moja ghafla mweusi na hakama, ile suruali pana nyeusi ya mikunjo saba inayofanana na sketi, ambayo nusu ya watu wanaanza aikido kwa sababu yake, kubalini tu. Judo unapanda kwa mechi pia, unashinda unakusanya pointi, na shodan unaonyesha nage-no-kata, yaani kata ya mitupo, seti tatu za kwanza ambazo ni mitupo tisa. Kama wewe ni wale wanaohitaji kujua ameshinda nani ndo walale vizuri, aikido itakutesa.

Isipokuwa uipate ile ya Tomiki. Maana aikido si moja, na hapa watu wanakosea wanaingia mlango wa kwanza uliofunguka. Aikikai ndo kubwa, ya ukoo wenyewe wa Ueshiba, makao yake Shinjuku Tokyo, sasa inaongozwa na mjukuu, Ueshiba Moriteru, na darasa la kwanza la siku ni saa 12 na nusu asubuhi, ukipita Tokyo nenda hata mara moja. Inatiririka, miduara mingi, kila mwalimu na ladha yake. Yoshinkan ni ya Shioda Gozo, mwanafunzi wa Ueshiba wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, imekaza, hatua zinahesabiwa kama gwaride, na polisi wa kutuliza ghasia wa Tokyo wanapelekwa kwenye kozi yao ya karibu mwaka mzima, wanaotoka pale wametoka kweli. Tomiki Kenji alikuwa mwanafunzi wa Kano na wa Ueshiba wote wawili, yeye akaona aikido bila randori ni pungufu akaunda Shodokan, kuna mashindano, mmoja ana kisu cha mpira anakuja kukuchoma we mikono mitupu unahangaika. Ueshiba hakulipenda hilo la mashindano. Halafu ipo ya Tohei Koichi, aliyeondoka Aikikai mwaka 1974, yeye uzito aliuweka kwenye ki, pumzi na utulivu, watu wanaotoka kwenye yoga wanaipenda, mi iliniweka usingizi lakini ni mimi.

Kama roho inavutwa na aikido ila unaogopa maigizo, tafuta Yoshinkan au Shodokan. Chuoni kwa bahati Shodokan zipo maana Tomiki mwenyewe alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Waseda.

Pesa sitataja namba kila mji na bei yake. Vazi la judo ni zito na bei imechangamka kidogo, usinunue la karate ukadhani utaokoa hela, litachanika ukosi siku ya pili. La judo unaweza kulivaa kwenye aikido, la karate pia linapita mwanzoni. Hakama ni baadaye sana. Panga na fimbo dojo nyingi wanazo za kuazima.

Sasa chuoni kwenyewe, na hili ndo nilimsisitizia zaidi. Klabu ya judo ya chuo Japani si sehemu ya mtu anayeanza. Wale wamecheza tangu shule ya msingi, wengine wameletwa chuoni na judo yenyewe, mazoezi karibu kila siku, asubuhi mnakimbia, na kuna mambo ya senpai na kohai, mkubwa na mdogo, anaweza akakutuma maji na wewe una miaka 26 unasoma shahada ya pili. Judo ya kuanzia tafuta mtaani, kwenye majumba ya michezo ya manispaa au dojo za watoto zenye darasa la watu wazima jioni, mi nilianzia hapo, mtu wa kwanza kuniangusha alikuwa fundi bomba wa miaka 58 na kila akiniangusha ananishika asinigonge kichwa, kisha anauliza Tanzania kuna simba wangapi. Klabu ya aikido ya chuo ni kinyume, karibu wote wameanza pale pale, mwezi wa nne mnakuwa wengi hamjui kitu, mnacheka pamoja, Kijapani kinapanda haraka kwa sababu mwenzako lazima aongee na wewe.

Kwa hiyo yeye nilimwambia hivi. Ana miaka 19, ana nguvu, hajawahi kupigana, anaogopa watu na hana rafiki hata mmoja kule. Aanze aikido ya chuo mwaka wa kwanza, apate watu, ajue kuanguka, mwili ulegee. Mwaka wa pili aende judo mtaani mara moja kwa wiki, akapimwe. Angekuwa na miaka 30 na hasira za ofisini ningemgeuzia, judo kwanza. Angekuwa na goti bovu, aikido isiyo na magoti mengi na amwambie mwalimu siku ya kwanza. Angekuwa na miaka 50 nisingemtajia randori kabisa, na binti mwenye kilo 45 anayetaka kujua kama kweli anaweza kumzuia mtu mkubwa ningemwambia Shodokan au judo, kwa sababu anastahili jibu la kweli na si la adabu.

Kabla ya kujisajili aende akatazame darasa zima, kule inaruhusiwa, unakaa pembeni kimya. Asimtazame mwalimu, walimu wote wanapendeza. Awatazame wa mwisho mwisho, wale wa mkanda mweupe walio kwenye kona: wakubwa wanafanya nao au wanawakwepa? Aliyeumia kidogo anaulizwa? Mtu akishindwa mbinu, mwenzake anaanguka kwa huruma au anasimama anamwonyesha kosa?

Na akate kucha, za mikono na za miguu, usiku kabla ya kwenda. Kwenye zote mbili wanaangalia.